Gitaa la Kalenga

Kwenye kilio cha Kalenga, huko Katuba mjini Lubumbashi, waliniweka mbele. Nilitaka kukaa nyuma, karibu na mapipa ya maji, mahali ambapo mtu anaweza kuja, kuinamisha kichwa na kuondoka bila kuulizwa neno. Lakini Mwadi, binti mkubwa wa marehemu, aliniona nikiwa bado mlangoni. "Mumupe kiti ya ku mbele," akawaambia vijana waliokuwa wakipanga viti chini ya turubai. "Ule njo mzee Bobina. Alikuwa na papa mu orkestre." Nikakaa. Sikuwahi kuwa katika okestra yoyote. Sijui kupiga hata ngoma ya watoto, na wakati ule sikuwa nimewahi kuimba mbele ya mtu. Nilikuwa mtu aliyeipenda bendi ya Kalenga, basi, na nimeendelea kuipenda kwa nusu karne baada ya wenyewe kuiacha. Bendi ile haikuacha santuri wala kanda. Mtu akiniuliza naipenda kwa kusikiliza nini, sina cha kumwonyesha.

Kando yangu alikaa Kabwe, aliyekuwa akipiga besi. Kati ya wale wanne wa bendi ndiye peke yake aliyebaki hai. Wanawake walituletea bukari, ugali wetu, na samaki mkavu kwenye sahani moja, tukanawa, tukaanza kula. Kabwe ni mtu wa kusema akiwa anakula, hivyo ndivyo alivyo tangu ujana. "Unajua, Bobina," akasema, "huyu muntu amekufa na ile maneno yake. Mpaka juzi, ku hopitali, alikuwa anaangalia mukono yake ya kuume. Anasema: Kabwe, huu mukono njo ulitukatia njia. Miye mwenyewe njo niliungusha mikro ya gitare. Miye namuambia: wee, wacha, ni mambo ya zamani. Eye anaangalia mukono tu." Akamega bukari, akachovya. Mkono wa Kalenga haukuunguza kitu. Nilijua hivyo tangu siku yenyewe, na kwa nusu karne nilimwacha auangalie.

Mwaka yalipotokea hayo ulikuwa mwaka wa majina. Nchi ilikwisha kuitwa Zaire, na sasa ilikuwa zamu yetu sisi watu: tuliambiwa tuyaache majina ya ubatizo na kuchukua ya mababu. Kwenye karakana ya Kampuni ya migodi nilikofanya kazi, asubuhi ya kwanza msimamizi alisoma orodha mpya na nusu ya watu hawakuitika, maana kila mmoja alikuwa amesahau ameandikisha babu gani. Tulicheka mpaka tukasahau kuogopa. Bendi nayo ililazimika kubadilisha jina. Mwanzoni walijiita Volti, kwa sababu walikuwa wa kwanza katika kambi yetu ya wafanyakazi kupiga kwa umeme, muziki wa rock, ule tulioita jeki. Wakawa Nkuba, yaani radi. Tai wakazivua, suruali za kubana wakabaki nazo, na kelele ikabaki ile ile. Walikuwa wanne: Monga aliyeimba, Kalenga wa gitaa, Kabwe wa besi, na mdogo wake Kabwe wa ngoma, ambaye tulimwita Katoto ingawa alikuwa na ndevu kutupita wote.

Walifanya mazoezi katika jiko la mama yake Kalenga. Nyumba za kambi zilikuwa na jiko nje, chumba kidogo cha matofali, na kile kilikuwa cheusi kwa moshi mpaka darini. Walitundika magunia ukutani ili sauti isiwarudie usoni. Mama Kalenga alifukuzwa na muziki akawa anapika sombe, kisamvu chetu, uani, juu ya mawe matatu, na hakuacha kuwakumbusha. "Muziki yenu inapika sombe?" alikuwa akiuliza kupitia dirisha. "Juu miye naona gitare, naona ngoma, lakini chungu iko ku inje sawa imbwa." Mimi nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko hilo kwa miezi mitatu. Nikitoka kazini nilipita pale, nikajifanya nangoja zamu ya bomba la maji la jirani, na ndoo yangu ikajaa, ikafurika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa naona haya hata kuitikia salamu. Siku moja gitaa likaanza kufifia katikati ya wimbo, likawa kama linapigwa nyumba ya tatu, kisha likakata. Nikasikia Kalenga anatukana. Nikasikia mdomo wangu unasema, kupitia ukutani: "Ni bobine."

"Ni nani anasema?" Kalenga akauliza.

"Ni miye."

"Weye nani?"

Nikaona haya kutaja jina. Katoto alitoka, akanishika mkono kama mtu aliyekamata mwizi wa kuku, akaniingiza ndani na ndoo yangu. Toka siku hiyo jina langu la ubatizo na jina la babu yangu yote yalikwisha, nikawa Bobina.

Kazi yangu karakanani ilikuwa kusuka mota zilizoungua. Unatoa waya wa zamani wa shaba, unahesabu ulizungushwa mara ngapi, unazungusha mpya; ule msokoto wa waya ndio bobine. Kazi ile haitaki akili nyingi wala maneno, inataka mkono wa polepole, na polepole ndicho kitu pekee nilichopewa kwa wingi. Hata kuandika kurasa hizi kumenichukua msimu mzima wa mvua. Kile kinachosikiliza nyuzi za gitaa la umeme, walichokiita mikro, ndani yake ni bobine vilevile, ila waya wake ni mwembamba kama unywele. Waya kama ule nilikuwa naupata kwenye vifaa vibovu vya simu ambavyo msimamizi aliniruhusu nivibomoe. Ili kuwasukia mpya, nilifunga keekee ya mkono mezani, nikaigeuza kuwa gurudumu, nikazungusha, na kila mzunguko wa mia nilichora mstari kwa penseli. Maelfu ya mizunguko. Waya ukikatika, unaanza upya. Mwishoni nilichovya bobine katika nta iliyoyeyushwa, nta ya vipande vya mishumaa nilivyookota parokiani, ili waya zitulie zisipige mayowe.

Mikro ile ya kwanza niliikosea. Jirani aliingia kuomba chumvi nikiwa nahesabu, nikasahau nilipofika, na kwa kuogopa isipungue nikazidisha. Kalenga alipoifunga na kupiga uzi wa kwanza, sauti ilitoka nene, nzito, na giza ndani yake. Wote wakatazamana. "Eh!" akasema Monga, "gitare inalia sawa muntu mwenye mafua!" Mama Kalenga akasema kutoka uani: "Hapana, inalia sawa ng'ombe." Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Kalenga hakucheka. Alipiga tena, akaacha uzi ulie mpaka ukaisha wenyewe, akafumba macho. "Musiguse kintu," akasema. "Hivi hivi. Hii njo sauti yangu."

Basi mwaka ule niliishi ndani ya sauti hiyo. Hakukuwa na bendi nyingine mjini iliyokuwa nayo, kwa sababu haikutoka dukani, ilitoka kwenye kosa langu. Jumapili alasiri walipopiga katika ukumbi wa wafanyakazi, watu wa mitaa ya Kenya na Kamalondo walikuja kwa miguu, na wapiga gitaa wa okestra kubwa walisimama nyuma wamekunja mikono, wakijaribu kuona Kalenga anafanya nini na vidole. Hakufanya kitu. Mimi nilikaa chini kando ya sanduku la sauti, mgongo wangu ukipata joto la taa za ndani yake, nikiwa na koleo mfukoni. Hakuna aliyenijua na sikutaka wanijue. Nyimbo zao zilikuwa saba. Nilizijua zote, si maneno tu, nilijua Kabwe anavuta pumzi wapi. Baada ya kupiga tulirudi kwa Mama Kalenga, tukala bukari kwa sombe, tukanywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, katika kikombe kimoja kikizunguka, na wao wakabishana kuhusu nani alikosea wapi. Nikiulizwa, nilisema, "Ilikuwa muzuri." Walizoea kwamba nitasema hivyo, wakaacha kuniuliza. Nimefikiria sana juu ya hilo. Nilidhani kukaa kimya karibu na watu ni sawa na kuwaambia kwamba unawapenda.

Mwisho wa kiangazi wakaja vijana wa Chama, wawili, na kalamu mifukoni. Kulikuwa na sherehe kubwa Kinshasa, kila mkoa ulitakiwa kupeleka okestra, na watakaokwenda wangerekodi santuri. Walikuwa wamesikia habari za Nkuba. Wangerudi Jumamosi ya wiki iliyofuata kuwasikiliza mara moja, kwa utaratibu tu, kisha ndege. Nafasi zilikuwa tano.

Wao walikuwa wanne. Siwezi kueleza nilivyolala na ile hesabu ndogo. Siku ya pili nilikuwa uani kwa Mama Kalenga, namrudishia bakuli lake, nikawasikia jikoni.

"Wanne ni shiye," alisema Monga. "Wa tano tutabeba nani?"

"Sema weye," akajibu Kalenga.

"Kuzini wangu, mutoto ya mama mukubwa. Anajua kunyosha mapantalo, na Kilingala anasema muzuri. Kule Kinshasa bila Kilingala batatuuza ku soko."

Wakacheka. Kisha Katoto akauliza, "Na Bobina?"

"Bobina hakusema kama anataka," akasema Kalenga. "Umuangalie ule muntu. Ata yambo anaona haya kuitika. Utamupandisha mu ndege atakufa na haya mbele ndege haijaruka." Wakacheka tena, na mimi najua kicheko kibaya, kile hakikuwa kibaya. Alisema kweli. Hakuna mtu aliyenikataa. Sikuwahi kuomba. Ingetosha kuzunguka ukuta, kusimama mlangoni na kusema maneno mawili: nami nataka. Niliweka bakuli juu ya jiwe, nikaenda nyumbani.

Kesho yake Kalenga alikuja kwangu mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na gitaa limefungwa katika shuka. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza na kiti kimoja. Nikampa kiti, akabaki wima. "Bobina, nimefanya bya bujinga," akasema. Gitaa lilikuwa linanguruma, akataka kulitengeneza peke yake asinisumbue. Alipasha chuma cha kulehemu juu ya makaa, akagusa mikro, sauti ikafa. "Niambie kweli. Nimeiungusha?" Nikasema nitaipima. Akaniachia. Mlangoni aligeuka akasema, "Ndugu yangu, bila ile siko muntu," akaenda.

Asubuhi niliipima karakanani. Kipimo cha umeme kilikuwa na sindano: ukigusisha ncha mbili za bobine, waya ukiwa umekatika ndani sindano inalala, ukiwa mzima inanyanyuka. Ilinyanyuka, ikasimama mahali pake pale pale iliposimama siku niliyoisuka. Hakuna kilichoungua. Ncha ya nje ya waya ilikuwa imeachia, mahali padogo kama mbegu ya ufuta. Chuma changu cha kulehemu kilikuwa kando yangu, kimekwisha kupata moto. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Nilikiangalia chuma kile mpaka king'ora cha mapumziko kikalia, na sikukigusa.

Jioni niliirudisha. Walikuwepo wote wanne, na Mama Kalenga amesimama mlangoni na mwiko. "Imeungua," nikasema. "Yote, paka mu ndani."

"Paka mu ndani?" Kalenga akauliza.

"Paka mu ndani. Na waya imeisha."

Sikuwa nimetaka kuiua bendi. Naliandika hili bila kujitetea, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na ubaya wake haupungui. Nilifikiri: wasiende mwaka huu. Wakae. Mwaka ujao nitakuwa nimepata mdomo. Nilifikiri wiki moja ikipita, Jumamosi ile ikipita, nitasema nimepata waya mahali, nitaiunga ile ncha, na Kalenga atafumba macho tena. Lakini Kalenga alinyosha mkono, akaichukua mikro kwenye kiganja changu, akatoka nayo. Alikwenda mpaka mwisho wa uwanja, kwenye choo cha shimo, akaitupa. Akarudi akijipangusa mkono kwenye suruali. "Kintu ya kufa haikae mu nyumba," akasema. Hakunilaumu. Aliuangalia tu ule mkono.

Zilibaki siku nne. Nilizitumia zote. Nilibomoa kila kifaa cha simu nilichokipata, nikazungusha keekee mpaka kidole kikatoa damu, na kwa sababu nilikuwa nakimbia waya ulikatika mara tatu. Kazi ya siku kumi haiingii katika siku nne, hasa kwa mtu kama mimi. Jumamosi Kalenga alipiga gitaa la kuazima la parokiani. Vidole vilikuwa vyake na nyimbo zilikuwa zile zile, lakini sauti ilikuwa nyembamba, kama mbu chumbani, na yeye mwenyewe alipoisikia alianza kupiga kwa woga, Monga akafuata, na woga katika bendi unaenea kuliko surua. Vijana wa Chama walisikiliza nyimbo tatu. "Muzuri, vijana, muzuri," akasema mmoja, na kalamu hakuitoa mfukoni. "Tutabaita." Hawakuwaita. Walikwenda wengine, wa upande wa reli, watu watano. Santuri yao niliisikia redioni karakanani, nikaenda kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Nkuba ilikufa bila ugomvi. Monga akaingia kwenye kikundi cha Chama cha kuimba na kucheza sifa za kiongozi, Katoto akashuka mgodini, Kabwe akaoa. Kalenga alimpa padri gitaa lake na akapanda malori ya samaki, njia ya Kasomeno mpaka Kasenga, baadaye mpaka Kilwa yetu ya ziwani, akawa mchuuzi. Na kila alipopita Lubumbashi, miaka yote hiyo, alinipitia. Alikuwa na samaki amefungwa kwenye gazeti. "Hii ni ya Bobina," alikuwa akisema, "juu ule wakati njo weye mwenye ulijikata kidole." Alikaa robo saa, hakuzungumza muziki. Nilipokea. Mke wangu alipika, watoto wakala, nami nikala. Kila mara nilisema leo nitamwambia, na kila mara alipoinuka nilisema, "Aksanti, ndugu yangu, safari muzuri." Kutwa nzima karakanani, mpaka nilipostaafu, nilisuka mota nikiwa na zile nyimbo saba kichwani, moja baada ya nyingine, gitaa lenye mafua na yote. Hakuna mtu aliyeipenda bendi kama mimi nilivyoipenda ile. Sasa najua kwamba hilo halimtetei mtu.

Siku ya tatu ya kilio watu walipoanza kutawanyika, nilimkuta Mwadi nyuma ya nyumba akisugua masufuria kwa mchanga. Nilimwambia nikiwa wima. Sindano, ncha ya waya, chuma kilichokuwa na moto, maneno niliyosema. Hakuacha kusugua mpaka nilipomaliza. Kisha akaweka sufuria chini.

"Miaka yote," akasema polepole, "papa alikuwa anakataa kushika kintu ya moto. Ata fere ya kunyosha manguo. Mama alikuwa anamucheka." Akajipangusa mchanga mikononi. "Mzee Bobina, ile maneno ilikuwa ya papa. Miye siwezi kuipokea ku mahali yake. Mzee Kabwe anajua?"

"Hapana."

"Basi uende umuambie. Leo. Asiende nyumbani na bongo, na uongo."

Nilikwenda nikamwambia. Kabwe akasikiliza mpaka mwisho. Aliinuka, akachukua kiti chake, akakipeleka upande wa pili wa turubai, akakaa akinipa mgongo. Nikabaki peke yangu kule mbele walikonipanga. Nilikuwa natafuta kofia yangu niondoke, Mwadi alipokuja na simu mkononi na watoto wake wawili wanamfuata.

"Papa hakuimbaka hapa ku nyumba ata siku moja," akasema. Hakuniangalia usoni. "Batoto banauliza orkestre ya nkambo, babu yabo, ilikuwa inapiga nini. Mzee Kabwe anasema maneno yote alisahau. Weye unajua?"

"Yote saba."

"Basi imba. Siyo juu yako. Juu yabo."

Akanyosha simu mbele ya mdomo wangu. Nilikuwa na miaka zaidi ya sabini, na mbele ya watu wa kilio, na mgongo wa Kabwe, nikaimba. Nilianza na ule wa mwanamke anayesikia king'ora cha mgodi na kuanza kuhesabu nyayo njiani. Sauti yangu ni mbaya, na nikaanzia juu mno. Nikamaliza beti mbili, nikanyamaza. Mwadi akadhani nimesahau, kidole chake kikasogea kuzima. Nikamwinulia mkono.

"Ngoja," nikasema. "Hapa ni papa yako."

Akangoja. Watoto nao wakangoja. Nikayahesabu kimoyomoyo mapigo yote ya gitaa lake, moja moja, bila kuharakisha hata moja, mpaka zamu ya kuimba ikafika tena.